Maharage Yaliyosindikwa Yanapokwama Forodhani: Dalili, Chanzo na Tiba

Ndani ya jedwali la HS, yaani mfumo wa kimataifa wa kuainisha bidhaa kwa namba, maharage yametawanyika. Mabichi yako 0708, yaliyogandishwa 0710, makavu 0713, unga wake 1106.10, ya siki 2001, yaliyoungwa na kugandishwa 2004, ya kopo 2005, yenye nyama nyingi 1602, na yaliyogeuzwa supu 2104. Kila kifungu kina ushuru wake, na katika nchi nyingi ushuru hupanda kadiri bidhaa inavyosindikwa. Ndiyo maana afisa wa forodha hachoki kuuliza, na ndiyo maana kontena linaweza kukaa bandarini wiki nzima kwa sababu ya tarakimu nne.

Nimeshughulikia makaratasi ya aina hii kwa muda mrefu, na ninachokiona ni kwamba mabishano mengi hayatokani na ugumu wa sheria. Yanatokana na ankara isiyosema maharage yalifanywa nini kiwandani. Mtu anaandika "maharage, katoni 1,800" halafu anategemea afisa akisie mengine. Afisa akikisia, atakisia upande wenye ushuru mkubwa, na kwa kazi aliyopewa siwezi kumlaumu.

Mwongozo huu unaanza na dalili, yaani kile unachoambiwa au unachokiona kwenye mfumo, kisha unarudi nyuma hadi kwenye chanzo.

Kabla ya kugusa namba yoyote

Uwe na mambo matatu mkononi. La kwanza ni hatua za usindikaji kwa mpangilio wake: kuloweka, kuchovya kwenye maji ya moto, kupika, kukausha, kugandisha, kufunga kwenye kopo, pamoja na joto na muda wa kila hatua. La pili ni jina la kisayansi la mmea. La tatu ni mchanganyiko kamili kwa uzito, na uzito huo uwe wa bidhaa iliyokamilika. Kiwanda kinayo yote haya, kwa hiyo waombe kabla mzigo haujapakiwa. Meli ikishaondoka, kila barua pepe itakuchukua siku.

Kisha elewa mlango mmoja ambao karibu kila kesi hupitia. Maelezo ya 1(a) ya Sura ya 20 (sura ni tarakimu mbili za kwanza za namba) yanasema kwamba sura hiyo haihusu mboga zilizoandaliwa au kuhifadhiwa kwa njia zinazotajwa katika Sura ya 7, 8 au 11. Maelezo ya 3 ya sura hiyohiyo yanakamilisha kwa kusema kuwa 2001, 2004 na 2005 ni kwa mazao ya Sura ya 7, au ya 1105 na 1106, yaliyotendewa kwa njia nyingine. Kwa hiyo swali la kwanza si "haya ni maharage gani?" Swali ni "je, yote waliyoyafanya kiwandani yanaruhusiwa na Sura ya 7?"

Orodha ya Sura ya 7 ni fupi: kuuza mboga ikiwa mbichi au imepozwa, kuigandisha (ikiwa haijapikwa, au imepikwa kwa mvuke au kuchemshwa kwa maji tu), kuihifadhi kwa muda katika hali isiyolika papo hapo, na kuikausha. Kitu chochote nje ya hapo kinakupeleka Sura ya 20 au mbali zaidi.

Dalili: umeandika 0713, afisa anasema ni 2005

Hili ndilo gumu kuliko yote, kwa sababu bidhaa inaonekana kavu, inamwagika kama maharage makavu, na mfuko umeandikwa "maharage makavu". Chanzo cha kawaida ni kwamba maharage yalipikwa kwanza ndipo yakakaushwa. Yanauzwa kama maharage ya kuiva haraka: unayamwagia maji ya moto, unasubiri dakika chache, unakula.

Si kila joto linayatoa maharage 0713. Maelezo ya Ufafanuzi ya Shirika la Forodha Duniani yanakubali joto la wastani ambalo lengo lake kuu ni kuhifadhi, yaani kuzima vimeng'enya, hasa peroksidasi, na kupunguza unyevu. Sharti lake ni kwamba joto hilo lisibadilishe hali ya ndani ya kotiledoni, zile nusu mbili zinazobeba chakula cha mbegu. Mpaka uko ndani ya punje. Rangi ya ganda la nje haikuambii kitu.

Namna ya kujiridhisha wewe mwenyewe: chukua punje kumi, zipasue katikati. Punje mbichi iliyokaushwa ni ngumu, inakatika kwa mng'ao kama wa pembe. Iliyopikwa kisha ikakaushwa mara nyingi ina mipasuko midogo, ni nyepesi, na inasagika kwa vidole ikishalowa kidogo. Jaribio hili halitoshi mbele ya afisa, lakini litakuambia kama kuna haja ya maabara.

Maabara itafanya moja kati ya mambo mawili, au yote mawili. Ya kwanza ni kuangalia wanga kwa darubini yenye mwanga uliopolaraishwa. Chembe za wanga ambazo hazijapikwa huonyesha msalaba mweusi ulio wazi katikati, na zikishapikwa zikavimba msalaba huo hupotea. Ya pili ni kupima peroksidasi kwa kemikali mbili, gwayakoli na peroksidi ya haidrojeni: rangi ya kahawia-nyekundu ikitokea, kimeng'enya bado ki hai. Angalia tofauti ya majibu haya. Kukosekana kwa peroksidasi peke yake hakukutoi 0713, kwa sababu kuizima ndiko kunakoruhusiwa. Wanga uliovimba ndio ushahidi mzito dhidi yako. Nimeona watu wakikubali kupandishiwa ushuru kwa ripoti ya peroksidasi tu, ilhali ripoti hiyo haikuwa imethibitisha kwamba maharage yamepikwa.

Tiba: ikiwa wanga umevimba, rekebisha tamko kwenda 2005 mapema, kabla ya adhabu. Ikiwa wanga bado mzima, ambatanisha ripoti ya maabara na karatasi ya hatua za kiwanda, na utaje kwa jina sehemu ya Maelezo ya Ufafanuzi ya kifungu 0713 unayoitegemea.

Kuna vyanzo vingine viwili vya dalili hiihii. Kimoja ni maharage makavu yaliyotiwa chumvi, viungo au mafuta kisha yakaokwa ili yaliwe kama vitafunwa. Hayo yameshatoka Sura ya 7. Kingine ni cha upande wa pili, yaani mbegu za kupanda zilizopakwa dawa. Watu huzihamisha kwa hofu kwa sababu haziliki tena, lakini 0713 inazibeba hata zikiwa zimetiwa dawa ya kuzifanya zisiliwe. Ziache hapo.

Dalili: "kwenye kopo kuna maharage na maji tu, kwa nini yaingie Sura ya 20?"

Muuzaji huandika 0713 kwa hoja kwamba hakuna kilichoongezwa, hata chumvi. Hoja inaanguka kwenye hatua moja: kopo lilifungwa likaingizwa kwenye mtungi wa shinikizo, likachemshwa hadi vijidudu vikafa. Kuhifadhi kwa joto ndani ya chombo kisichopitisha hewa si njia ya Sura ya 7. Ni 2005, hata kama mchanganyiko una kitu kimoja na maji.

Hali ni hiyohiyo kwa mifuko laini ya foili na mitungi ya kioo iliyopitia joto hilo. Na maharage yaliyochemshwa, yakafungwa kwenye pakiti iliyoondolewa hewa na kuuzwa yakiwa baridi bila kugandishwa? Hayo pia ni 2005. Ruhusa ya kupika kwa mvuke au maji katika Sura ya 7 iko kwenye 0710 peke yake, nayo ni ya vitu vilivyogandishwa. Kuondoa hewa kwenye pakiti hakubadilishi kitu kwa mboga mbichi. Kilichobadilisha hapa ni kupika.

Dalili: maharage yaliyogandishwa yanavutana kati ya 0710 na 2004

Uliza maswali mawili. Yalipikwa kwa njia gani? Mvuke au maji, ni 0710. Mafuta au oveni, ni 2004. Yana kitu gani kingine? Chumvi au sukari iliyotiwa kabla ya kugandisha haiyatoi 0710. Mchuzi, siagi, kitunguu kilichokaangwa au viungo vinavyoyafanya kuwa chakula kilichoandaliwa vinayapeleka 2004.90.

Kuchovya kwenye maji ya moto kwa dakika chache kabla ya kugandisha, jambo ambalo karibu kila kiwanda hufanya ili rangi isipotee, hakuna tatizo. Liandike wazi kwenye karatasi ya hatua, kwa sababu afisa akiona neno "yamepikwa" bila maelezo atasimamisha mzigo.

Dalili: mapipa ya maji ya chumvi, na mvutano kati ya 0711 na 2005

Kifungu 0711 ni cha mboga zilizohifadhiwa kwa muda tu, zisizofaa kuliwa papo hapo katika hali hiyo. Ni malighafi inayosafiri kwenda kiwanda kingine. Kama una nakala ya zamani ya jedwali utaona mifano kama gesi ya salfa na maji ya chumvi imetajwa ndani ya kifungu. Toleo la 2022 liliiondoa mifano hiyo, na maneno yaliyobaki yanatazama hali ya bidhaa.

Kwa hiyo ushahidi unaotakiwa ni wa hali. Chumvi ni kali kiasi gani? Je, mnunuzi ana kiwanda, na mkataba unasema atayaosha na kuyasindika upya? Mapipa ni ya kilo mia au ni mitungi ya rafuni? Ukiwa na mitungi ya gramu 350 yenye lebo ya viambato na maelekezo ya kula, umeshapoteza hoja ya 0711 kabla ya kufungua mdomo.

Mtego ulio hapa ni uchachu. Maharage machanga ya maganda yaliyoachwa kwenye maji ya chumvi hadi yakachacha kwa asidi ya laktiki yametendewa zaidi ya kuhifadhiwa kwa muda, na Maelezo ya Ufafanuzi yanayapeleka Sura ya 20 hata yakiwa bado kwenye mapipa makubwa. Wauzaji wengi hawataji uchachu kwa sababu kwao ni sehemu tu ya kusubiri. Waulize moja kwa moja: mliyaweka muda gani, na ladha yake sasa ni chumvi tu au yamekuwa chachu?

Dalili: wote mnakubali 2005, lakini tarakimu za mwisho zinagombaniwa

Hapa shida huwa ni mmea. 2005.51 ni maharage yaliyotolewa kwenye maganda, 2005.59 ni mengine, na yote mawili yanahusu jenasi mbili tu: *Vigna* na *Phaseolus*. Usiende kwa sura ya punje wala kwa jina la sokoni.

Maharage ya kawaida (*Phaseolus vulgaris*), yale mapana ya *Phaseolus lunatus*, kunde (*Vigna unguiculata*), choroko (*Vigna radiata*) na njugu mawe (*Vigna subterranea*) yote, yakiwa punje tupu kwenye kopo, ni 2005.51. Maharage yaliyo kwenye mchuzi wa nyanya ni humohumo. Maganda machanga ya kijani, mazima au yaliyokatwa, ni 2005.59, kwa sababu bado yako na maganda.

Mbaazi (*Cajanus cajan*) si jenasi hizo mbili. Wala si 2005.40, ambayo ni ya njegere (*Pisum sativum*) peke yake. Mbaazi za kopo ni 2005.99. Huko ndiko ziliko pia jamii kunde nyingine tatu, *Cicer arietinum*, *Lens culinaris* na *Vicia faba*, zikiwa kwenye kopo. Watu huchanganyikiwa kwa sababu katika 0713 mimea hii ina nyumba zake: 0713.20, 0713.40, 0713.50 na 0713.60. Wakishazoea mgawanyo huo wa makavu wanatarajia kuukuta upande wa makopo, na haupo.

Jina la dengu linastahili tahadhari ya pekee. Kuna mahali linamaanisha *Cicer arietinum*, na mahali pengine mtu akilitamka anamaanisha punje tofauti kabisa. Andika jina la kisayansi kwenye ankara kila mara. Ni maneno mawili, na yanafunga mlango wa ubishi.

Kopo lenye mchanganyiko wa maharage na mboga nyingine, au maharage pamoja na *Cicer arietinum*, ni 2005.99, kwa kuwa kifungu kidogo hicho kinataja michanganyiko ya mboga. Usipoteze muda kupima ipi ni nyingi. Na soya isikaribie hapa bila kuchunguzwa peke yake: ni *Glycine max*, ikiwa kavu iko 1201, na unga wake usioondolewa mafuta uko 1208.10.

Chakula cha watoto wachanga kina njia yake. Maharage yaliyosagwa laini kabisa, yakauzwa rejareja kwa ajili ya watoto wachanga au mlo maalumu wa kiafya, katika chombo kisichozidi gramu 250, ni 2005.10, na kifungu kidogo hicho kinatangulia vingine vyote ndani ya 2005. Yakichanganywa na kiambato kingine cha msingi kama nyama au tunda, angalia 2104.20.

Dalili: afisa anataka 2001 kwa sababu lebo imetaja siki

Kifungu 2001 ni cha mboga zilizoandaliwa au kuhifadhiwa kwa siki au asidi asetiki. Siki kidogo ya kuongeza ladha kwenye mchuzi wa nyanya haitoshi kuyafanya maharage kuwa ya siki. Umoja wa Ulaya umeweka kipimo: asidi huru inayoyeyuka hewani, ikihesabiwa kama asidi asetiki, iwe asilimia 0.5 ya uzito au zaidi. Nchi nyingine zinaweza kuwa na kipimo chao, au zikaamua kwa kuangalia kazi ya siki ndani ya bidhaa. Asidi sitriki haihesabiwi hapa. Kama lebo inasema tu "kidhibiti asidi", omba kiwanda kikutajie ni asidi gani.

Dalili: kuna vipande vya nyama, na sasa wanazungumzia 1602

Bidhaa yenye zaidi ya asilimia 20 kwa uzito ya soseji, nyama, matumbo, damu, wadudu, samaki au viumbe wengine wa majini waliotajwa, au mchanganyiko wowote wa hivyo, inaondoka Sura ya 20 na kuingia Sura ya 16. Soma neno mchanganyiko vizuri: soseji asilimia 12 na nyama asilimia 10 zinajumlishwa.

Makosa yako kwenye uzito unaopimwa. Maelezo ya Ufafanuzi ya Sura ya 16 yanataka uzito wa nyama ndani ya bidhaa wakati inapowasilishwa forodhani. Uzito wa malighafi kabla ya kupika hauhesabiwi. Kiwanda kwa upande wake hukupa karatasi ya malighafi.

Tuchukulie karatasi inasema nyama mbichi kilo 30, maharage makavu kilo 50, mchuzi kilo 20. Ukisoma haraka, nyama ni asilimia 30, na afisa ataandika 1602. Lakini maharage makavu hunywa maji. Tukisema uzito wake umekuwa mara mbili, ni kilo 100, na jumla sasa ni kilo 150. Nyama nayo imetoa maji yake kwenye mchuzi na imebaki, tuseme, kilo 22. Hiyo ni asilimia 14.7 ya bidhaa. Bidhaa ileile, karatasi tofauti, sura tofauti.

Tiba ya uhakika ni kufungua makopo kadhaa ya mzigo wenyewe mbele ya shahidi, kuchuja, kutenganisha vipande vya nyama, kupima na kuandika. Fanya hivyo pia pale ambapo hesabu inaonekana kukufaa, kwa sababu makopo hayajazwi sawasawa na wastani ndio utakaokulinda. Nyama iliyosagwa ikapotea ndani ya mchuzi haitenganishiki. Hapo utahitaji hesabu ya kiwanda inayoonyesha upungufu wa uzito wakati wa kupika, iliyotiwa saini na msimamizi wa uzalishaji.

Nchi nyingi hudai cheti cha mifugo kwa bidhaa ya 1602, hivyo usichukulie suala hili kama la ushuru tu. Kontena linaweza kukataliwa kabisa kwa kukosa karatasi ambayo hakuna aliyefikiri inahitajika.

Dalili: "hii ni supu" au "hii ni sosi"

Vifungu 2104 na 2103 vinatangulia hata ile kanuni ya asilimia 20, kwani maelezo ya Sura ya 16 yenyewe yanaviondoa. Supu ya maharage yenye nyama nyingi inabaki supu. Swali ni kama bidhaa inanywewa ikiwa ya majimaji, tayari au baada ya kuongezwa maji, au ni maharage mazima yaliyolala ndani ya mchuzi mzito. Angalia lebo inasema nini na maelekezo ya matumizi yanamtaka mlaji afanye nini. Lebo isiyoeleweka ndiyo inayoleta shida. Kiwanda kikikubali kuibadilisha kwa mzigo unaofuata, umeumaliza ubishi.

Maharage yenye sukari hayaendi 2006 kwa sababu ya sukari. 2006 inahusu vitu vilivyojazwa sukari hadi ndani kisha vikachujwa, kung'arishwa au kufunikwa kwa chembe za sukari. Yakiwa ndani ya sharubati, yaani maji mazito ya sukari, yanabaki 2005.

Dalili: mfumo unakataa namba, au unasema haipo

Tarakimu sita za kwanza ni za dunia nzima kwa nchi zinazotumia HS, ambayo ilianza kazi tarehe 1 Januari 1988. Baada ya hapo kila nchi au umoja wa forodha huongeza zake, nane au kumi kwa jumla. Namba ya muuzaji yenye tarakimu kumi haina maana kwa mfumo wa mnunuzi kuanzia tarakimu ya saba. Chukua sita, kisha tafuta mwisho wake kwenye jedwali la nchi ya kuingizia.

Kama hata zile sita zinakataliwa, angalia toleo. Mbaazi kavu, kunde kavu na njugu mawe kavu zilipewa vifungu vidogo vyake mwaka 2012. Orodha ya bei iliyonakiliwa kutoka zamani bado inaziweka kwenye vya jumla. Toleo linalotumika sasa ni la 2022, na linalofuata limepangwa kuanza tarehe 1 Januari 2028.

Dalili: namba imekubaliwa, lakini cheti kinakataliwa

Ukibadilisha namba, badilisha kila kitu kilichojengwa juu yake. Cheti cha asili ya bidhaa hutegemea kanuni ya kifungu husika: maharage makavu yaliyotoka nchi moja yakafungwa kwenye makopo nchi nyingine yanaweza kupata asili mpya kwa kuhama kutoka Sura ya 7 kwenda ya 20, ikiwa mkataba unakubali kuhama sura. Yakibaki 0713 baada ya kuchambuliwa na kufungwa upya, asili haijabadilika.

Upande wa afya ya mimea mambo hugeuka. Maharage makavu kwa kawaida huhitaji cheti cha usafi wa mimea. Makopo yaliyochemshwa hayabebi wadudu waharibifu, na kiwango cha kimataifa cha afya ya mimea ISPM 32 huziweka bidhaa za aina hiyo katika kundi lisilotakiwa kudhibitiwa kwa sababu ya visumbufu. Ukidaiwa cheti hicho kwa makopo, mara nyingi chanzo ni kwamba mahali fulani kwenye makaratasi bado kuna 0713 iliyosahaulika. Tafuta kwenye orodha ya vifurushi na hati ya meli kabla ya kubishana na ofisi ya mimea.

Ankara inayopita

Linganisha mistari hii miwili.

Maharage mekundu, kopo, katoni 1,800.

Maharage mekundu (*Phaseolus vulgaris*), punje zisizo na maganda, yaliyolowekwa, kufungwa na kuchemshwa ndani ya kopo lisilopitisha hewa. Maharage asilimia 60, maji asilimia 39.5, chumvi asilimia 0.5, bila siki, bila nyama, hayajagandishwa, uzito halisi gramu 400, uzito baada ya kuchuja gramu 240, makopo 24 kwa katoni, katoni 1,800.

Mstari wa pili unajibu kila swali lililoulizwa hapo juu. Uzito wa aina mbili nao uutaje, kwa sababu ushuru unaotozwa kwa kilo unaweza kudai mmoja na kanuni za lebo zikadai mwingine.

Ikiwa vituo viwili vinakupa namba mbili

Bidhaa ileile, kiwanda kilekile, kituo kimoja kinasema 2005.51 na kingine kinasema 2104.10. Kubishana kila mzigo ukifika ni kupoteza pesa. Omba uamuzi wa awali kwa maandishi kutoka makao makuu ya forodha ya nchi inayoingiza. Mkataba wa Uwezeshaji Biashara wa Shirika la Biashara Duniani, ulioanza kutumika tarehe 22 Februari 2017, unazitaka nchi wanachama kutoa uamuzi wa namna hii kuhusu namba ya bidhaa na asili yake.

Maombi yawe na sampuli isiyofunguliwa, lebo halisi, karatasi ya hatua za kiwanda yenye joto na muda, mchanganyiko kwa uzito wa bidhaa iliyokamilika, na hoja yako fupi: kifungu unachoona kinafaa, maelezo ya sura unayoyategemea, na kwa nini kifungu kingine hakifai. Usifiche kiambato kidogo. Uamuzi hufunga pale tu bidhaa inayofika inapofanana na iliyoelezwa, na nyama asilimia 3 ambayo haikutajwa kwenye maombi inatosha kuufanya usikusaidie. Kiwanda kikibadilisha mchanganyiko, hata kwa kuongeza siki ya kulinda rangi tu, andika upya na uombe tena.

Weka nakala ya uamuzi kwenye kila tamko, na namba yake iandikwe ndani ya maelezo ya bidhaa ili afisa aione kabla ya kufungua viambatisho.